Kura Tatu za Mihogo

Mwalimu wetu wa darasa la sita alirudi kutoka semina na vitu vitatu: begi la kitambaa lenye maandishi, daftari jipya, na mkutano wa darasa. Begi alilibeba mpaka likachanika. Daftari alimpa mtoto wake achoree picha. Mkutano akatupa sisi.

Kabla ya hapo mambo ya darasani yalikuwa yanaeleweka. Mwalimu anasema, sisi tunafanya. Ukikosea unachapwa, ukipatia unaambiwa kaa chini. Mimi utaratibu huo sikuupenda lakini nilikuwa nimeuzoea, kwa sababu haukunitaka niseme lolote. Nilikuwa mtoto wa kuulizwa jina nikaangalia miguu yangu. Hata leo, mtu mzima, dukani nasubiri mpaka muuzaji aniulize mwenyewe nataka nini.

Sasa kila Ijumaa baada ya mapumziko tulisukuma madawati ukutani, tukatandika mikeka tuliyoagizwa kuileta kutoka nyumbani, tukakaa duara, watoto zaidi ya sitini, magoti yakigusana. Mwalimu alisema duara halina mbele wala nyuma, kwa hiyo wote tuko sawa. Yeye hakukaa mkekani. Alikaa kwenye kiti chake, nje ya duara, kwa sababu ya mgongo.

Mkutano ulikuwa na sehemu zake, na alituandikia ubaoni tuzinakili: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo na muhtasari, kushukuriana, changamoto, kura, kufunga. Mtoto wa miaka kumi na mbili, ambaye kaptura yake imeshonwa makalioni mara mbili, anasimama na kusema, "Naomba kuthibitisha muhtasari." Mwalimu alifurahi mno kusikia hivyo. Alikuwa akifumba macho kama mtu anayesikiliza kaswida.

Sehemu ya kushukuriana ndiyo iliyoharibika mapema zaidi. Semina ilisema watoto wakizoea kushukuriana wataacha kutukanana. Sisi tuligundua katika wiki ya pili kwamba unaweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

"Namshukuru mwenzangu wa dawati kwa kuniazima rula yangu na kunirudishia nusu."

"Na mimi namshukuru yule aliyekaa karibu na mlango, kwa kuwa leo kaoga."

"Namshukuru aliyenishukuru. Na mama yake namshukuru."

Darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu pale kitini anatikisa kichwa kwa furaha na kusema, "Vizuri sana, mnaona mnavyopendana?" Sijui kama hakuwa akisikia au alikuwa akisikia kile alichokitaka. Nimekutana na wakubwa wengi wa namna hiyo tangu wakati ule.

Mwenyekiti wetu alikuwa mvulana mwenye sauti nene na akili nyembamba. Alichaguliwa na mwalimu, kisha tukaambiwa tumchague. Mimi nilifanywa katibu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hilo ni kweli, lakini sababu hasa mwalimu aliisema mwenyewe mbele ya wote: "Huyu hasemi. Katibu mzuri ni yule asiyesema." Hakujali kwamba naandika polepole. Mimi kuandika kwangu ni kama kushona kwa mkono. Kila herufi naikaza kabla ya kwenda kwenye nyingine. Watu wenye akili ya haraka husikia maneno mia wakaandika kumi. Mimi sikuwa na uwezo wa kuchagua kumi. Niliandika yote niliyoyawahi, kama yalivyosemwa, na wenzangu walipokuwa wakirudisha madawati mahali pake mimi nilikuwa bado ukutani nimeinamia daftari.

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana yote yaliyofuata yalimhusu yeye.

Mama alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga kwenye geti la shule. Meza ndogo, karai, bakuli la pilipili na ndimu, kachumbari ya embe mbichi. Wanafunzi walimwita mama mihogo, na mimi waliniita mtoto wa mama mihogo, na hilo halikunikera kwa sababu mihogo ile ilinipa heshima ambayo mdomo wangu usingeweza kunipa. Baba alikuwa kijijini Mkwaja kwa mke mwingine. Kabla ya geti mama alikuwa akiuza karibu na stendi, mgambo wakamwaga karai lake mara mbili, mara ya pili mafuta yakamuunguza mguu. Geti la shule lilikuwa mahali pa kwanza ambapo hakuna mtu aliyemfukuza. Tulikula kutokana na geti lile. Likiondoka, hatukuwa na lingine.

Na mwalimu wetu naye alikuwa na biashara. Aliuza barafu za ubuyu. Alizileta asubuhi kwenye ndoo yenye mfuniko, iliyozungushiwa kanga isipate joto, akaificha chini ya meza yake, na wakati wa mapumziko mwenyekiti ndiye aliyeziuza. Kila mtu alijua. Lakini joto la Tanga halina adabu. Barafu zikifika saa nne zimekwisha kuwa maji mekundu kwenye kifuko, na mtoto mwenye sarafu moja mkononi alikuwa anakwenda getini kula kitu cha kushiba.

Ijumaa moja, tulipofika kwenye changamoto, mwenyekiti alisimama, akavuta kaptura juu, akasema kama mtu anayesoma ubaoni:

"Changamoto yetu ya leo ni afya. Wauzaji wa vyakula getini wanauza vyakula vyenye vumbi. Mimi tumbo liliniuma."

"Tumbo lilikuuma umekula embe bichi na chumvi, usimsingizie mama wa watu," alisema mmoja.

"Kimya! Unaongea bila kunyoosha mkono."

"Haya nimenyoosha. Ulikula maembe saba, yakhe, tulikuhesabia."

Wauzaji wa vyakula getini, alisema, kana kwamba walikuwa msururu. Alikuwa mmoja tu. Duara lote likageuka kunitazama. Nikainama kwenye daftari nikaandika: maembe saba.

Mwalimu akasema, "Katibu hachangii. Katibu anaandika tu. Si ndiyo?" Nikatikisa kichwa kukubali. Sitajisifu hapa. Kanuni ile ilinifaa sana. Watu walikuwa wanataka kumnyang'anya mama yangu mahali pake, na mimi nilishukuru kwamba sikuruhusiwa kusema.

Ikaja kura. Kura zetu zilipigwa kwa kufumba macho, eti ili mtu asimwogope mwenzake. Wote wanafumba, wanainua mikono, katibu peke yake anabaki macho wazi kuhesabu. Mwalimu naye alibaki macho wazi, lakini hilo halikuandikwa popote.

"Wanaotaka wauzaji waondoke getini, wanyooshe mikono."

Mikono saba. Mwenyekiti, marafiki zake wachache, na msichana mmoja ambaye alinyoosha mkono kwa kila swali tangu darasa la kwanza.

"Ngapi?"

"Saba, mwalimu," nilisema, na nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema katika mkutano.

"Hawakulielewa swali," alisema mwalimu. "Fumbueni. Sikilizeni vizuri." Akatueleza habari za nzi, na kipindupindu, na mtoto mmoja wa shule nyingine ambaye hatukumjua na ambaye, kwa jinsi alivyosimuliwa, alikula muhogo mmoja tu akafa. "Haya, fumbeni. Wanaopenda kuugua kipindupindu wanyooshe mikono."

Hakuna mkono hata mmoja.

"Mmeona? Kwa hiyo mmekubali."

Hapo msichana mwingine akafumbua macho. Alikuwa Msambaa, wazazi wake walikuwa wamefanya kazi mashamba ya mkonge kabla ya kuhamia mjini, na alikuwa amekuja shuleni kwetu mwaka ule ule. Hakuwa amejifunza bado tabia yetu sisi watu wa mjini ya kujua jambo na kulimeza.

"Mwalimu, hiyo si kura ile," alisema. "Hiyo ni nyingine."

"Unataka tupige tena?"

"Tupige ile ile."

"Haya. Tutapiga ile ile. Na hatutoki mpaka tuelewane."

Msomaji asiyejua Ijumaa ya kwetu lazima nimwambie kitu. Mkutano ulikuwa kipindi cha mwisho. Ukiisha, wavulana wa Kiislamu wanatoa kanzu na kofia kwenye mifuko wanakwenda msikitini, wasichana wanarudi nyumbani, na watoto wa Kikristo nao wako huru mpaka Jumatatu. Wakati mwalimu anasema hatutoki, adhana ya kwanza ilikuwa imekwisha kusikika. Wavulana walianza kugeuka geuka. Mmoja alikuwa ameshavaa kanzu juu ya sare. "Tunachelewa hutuba," alinong'ona, na mwenzake akamjibu, "Nyoosha tu, twende zetu."

Mwalimu hakuharakisha. Alikunja mikono akangoja, akitazama dirishani, mpaka minong'ono ikajaa chumba kizima. Ndipo akauliza swali.

Mikono iliinuka karibu yote. Niliiona, maana mimi ndiye niliyekuwa na macho. Niliona vidole ambavyo asubuhi ile vilikuwa vimeshika mihogo ya mama yangu, vingine kwa ahadi ya kulipa Jumatatu. Msichana wa Kisambaa alikaa mikono mapajani. Walitoka wakikimbia, na mikeka ikabaki imekunjamana, nami nikaandika.

Nyumbani nilimkuta mama anamenya mihogo ya chakula chetu cha usiku. Nilikaa, nikachukua kisu, na baada ya mihogo kama mitatu nikamwambia.

"Watoto wamenipigia kura mimi?"

"Ndiyo."

"Wale wale?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika."

Akanitazama, akacheka kidogo puani. "Haya, andika," alisema, akaendelea kumenya mpaka mihogo ilipokwisha.

Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa inayofuata afisa elimu wa kata atakuja kutazama mkutano wetu, kwamba muhtasari utathibitishwa mbele yake, na baada ya hapo uamuzi wa wanafunzi utapelekwa kwa mwalimu mkuu utekelezwe. Aliupenda msemo huo, uamuzi wa wanafunzi. Wiki nzima mama aliendelea kukaa getini akijua ni wiki ya mwisho. Na wiki hiyo hiyo mwalimu aliendelea kutuma mtoto na sahani kununua mihogo yake ya saa nne. "Mwambie asisahau pilipili." Mama hakusahau.

Siku ya Alhamisi mwalimu aliita daftari la mikutano. Nilimpa. Alifungua, akatazama ukurasa kwa mbali kama mtu anayetazama kitambaa dukani, akasema, "Mwandiko safi," akapiga alama ya vema kwa kalamu nyekundu, akanirudishia. Hivyo ndivyo alivyosahihisha madaftari yetu siku zote, na sikuona ajabu yoyote.

Afisa alikuja na kofia ya kufuma na faili kwapani. Alipewa kiti cha mwalimu. Mwalimu akabaki amesimama, na mgongo haukumsumbua. Tukasema shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba. Mwenyekiti akafungua mkutano, akamwita katibu asome muhtasari.

Nilisimama. Nilisoma nikifuata mstari kwa kidole, na sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba afisa aliinama mbele akasema, "Sauti, mwanangu. Anza tena." Nikaanza tena. Nilisoma shukrani, rula nusu na yule aliyeoga. Afisa akatabasamu. Nikasoma changamoto, tumbo la mwenyekiti, maembe saba. Watoto wakaanza kubana vicheko.

Nilipofika kwenye kura ya kwanza niliona mistari inayofuata. Watu niliowasimulia habari hii hudhani niliandika vile kwa makusudi. Sikuwa na akili hiyo; niliandika vile kwa sababu sikujua kuacha kitu. Lakini kusoma ni jambo lingine. Pale ningeweza kuruka. Kidole changu kingeruka mistari mitano na hakuna mtu angejua, na mwalimu, ambaye sasa ndiyo kwanza alikuwa anasikia kilichomo katika daftari alilolipigia vema, alikuwa ananitazama macho yake yakiniomba hivyo hasa. Nikasoma.

"Kura ya kwanza. Wanaotaka wauzaji waondoke, saba. Mwalimu alisema hatukulielewa swali. Kura ya pili. Wanaopenda kuugua kipindupindu, hakuna. Kura ya tatu. Wengi walinyoosha mikono, kwa sababu wavulana walikuwa wanachelewa Ijumaa."

Afisa alicheka sana kwenye kipindupindu. Kwenye Ijumaa aliacha kucheka akaiweka sawa kofia yake.

Mwenyekiti, ambaye angeweza kukaa kimya, alifanya kile alichofundishwa. "Yatokanayo na muhtasari," alitangaza. "Mwenye yatokanayo."

Msichana wa Kisambaa akanyoosha mkono. "Yatokanayo yangu, kama mihogo ya getini ina vumbi, barafu zilizo chini ya meza ya mwalimu tutazipigia kura lini?"

"Barafu gani?" aliuliza afisa.

Duara lote likageukia meza ya mwalimu. Kisha sauti ndogo kutoka upande wa dirishani ikasema kwa heshima zote, "Za ubuyu, shikamoo."

Nimesikia watu wakisifu ukweli, kwamba ukisemwa mambo hunyooka. Basi niseme yalivyonyooka. Afisa alifunga faili lake, akasema darasa limemfurahisha sana, kwamba hii ndiyo demokrasia, na kwamba kuanzia leo hataki kuona biashara ya aina yoyote katika shule hii, darasani wala getini. Ya aina yoyote, alirudia, akimtazama mwalimu. Alidhani ametenda haki kwa sababu amewakata wote wawili sawasawa, mwenye mshahara na asiye nao. Tukampigia makofi. Tulikuwa tumefundishwa kupiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani wenzangu walinizomea. "Umetukosesha mihogo, umetukosesha na barafu, bubu we! Si ungenyamaza kama siku zote?" Wale wale walioinua mikono kumfukuza mama sasa walinilaumu kwa kumfukuza.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na katibu mpya, mwandishi wa haraka. Hatukupiga kura kumchagua. Alisoma muhtasari wake kwa pumzi moja: mkutano ulitembelewa na mgeni, mgeni alifurahi, mkutano ukafungwa. Ukathibitishwa. Mimi nilikaa mkekani kama wengine, na niligundua kwamba magoti ya watu sitini yana harufu.

Mama alikuwa amekaa nyumbani siku mbili tu. Siku ya tatu alivuka barabara na meza yake, akaomba kivuli kwenye baraza ya fundi wa pikipiki, akawasha jiko. Kutoka getini hadi pale ni hatua zisizofika thelathini. Amri ilisema getini, na pale si getini. Watoto walivuka barabara kwa makundi, bodaboda wakiwapigia honi na kuwatukana, na hakuna mkutano uliokaa kujadili kama hilo lina hatari kuliko vumbi.

Haikupita hata wiki mbili. Nilikuwa pale baada ya masomo, naosha bakuli, nikamwona mwalimu anavuka barabara na ndoo yake imezungushiwa kanga. Nikadhani anakwenda kwake. Akaja moja kwa moja mpaka mezani petu.

"Habari za kutwa, dada."

"Salama, mwalimu. Karibu."

"Naona hapa mnapata kivuli kizuri."

"Tunamshukuru Mungu."

Alisimama kidogo akitazama mihogo kwenye karai. Kisha akasema, haraka, kama mtu anayemeza dawa, kwamba friji lake bado linagandisha, na kwamba barafu hazina pa kwenda, na kama mama angekubali kumuuzia hapa pembeni, wangegawana.

Nilingoja. Nilikuwa nimesimama na bakuli mkononi, kwa sababu hii ndiyo ilikuwa kura ya kweli na safari hii mwenye kupiga alikuwa mama yangu. Nilitaka amwambie kitu. Nilikuwa hata nimemwandalia maneno, mimi ambaye maneno yangu mwenyewe hayatoki.

Mama akasogeza bakuli la kachumbari. "Weka hapo chini ya meza, jua lisiipate," alisema.

"Ahsante sana, dada yangu. Huyu mwanao," mwalimu akacheka akinielekezea kidole, "huyu anaandika mpaka mtu alivyokohoa."

"Ndivyo alivyozaliwa," alisema mama, na wakacheka pamoja.

Nilisema shikamoo kwa sababu ilikuwa lazima. Mwalimu akaitikia, akachukua sahani yake ya mihogo, akaondoka akiila njiani. Alipofika mbali nilimuuliza mama kwa nini. Ilinichukua muda kuuliza, na alishamaliza kupanga mihogo mingine kwenye mafuta.

"Ulitaka nimfukuze?"

Nikaendelea kusugua bakuli.

"Mimi nimefukuzwa stendi na nimefukuzwa getini," alisema. "Kama unataka mtu wa kufukuza watu, mtafute mwingine."

Akanipa ndoo nizipange barafu vizuri. Nilizipanga huku nimekasirika, na mikono ikanifa ganzi.